SIDI MUBARAK BOMBAY: MTANGULIZI WA MISAFARA ALIYESAHAULIWA NA RAMANI

Mtu asafiriye kutoka Tabora kwenda Mwanza hupita katika nchi pana ya mbuga na majabali. Hapa na pale huona mawe makubwa yaliyopangana juu ya vilima kana kwamba yamewekwa na mikono ya majitu. Hupita Isaka na Shinyanga, huacha Mwadui mkono wa kulia, na kabla hajachoka kukaa huliona ziwa. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na tangu hapo safari hii ikawa ni jambo la saa tu. Lakini kabla ya reli, safari hiyo ilikuwa ni ya majuma, nayo ilifanywa kwa miguu, mzigo ukiwa begani.

Leo tunapenda kuwakumbusha wasomaji wetu habari za mtu mmoja aliyeikanyaga nchi hiyo kwa miguu yake, kwanza mwaka 1858 na tena mwaka 1861. Mtu huyo aliwatangulia wageni kutoka Ulaya ambao majina yao yamejaa katika vitabu vya shule. Jina lake ni Sidi Mubarak Bombay. Hakuzaliwa na jina hilo, wala hakulichagua. Hata hivyo ndilo alilolibeba maili kwa maili, mpaka ikasemwa ya kuwa hapana mtu wa zama zake aliyeijua njia ya bara kumpita yeye.

Mubarak alizaliwa yapata mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, karibu na mpaka uliopo sasa kati ya Tanzania na Msumbiji. Mama yake alifariki yeye akiwa mtoto mchanga, hata hakumkumbuka ila kwa mbali sana. Alilelewa kijijini na baba yake. Alipofika umri wa miaka kumi na miwili hivi, wafanyabiashara kutoka pwani walikuja kijijini wakiwa na bunduki. Zamani walikuwa wamewakopesha watu wa kijiji vitambaa, na sasa wakadai walipwe. Wanakijiji hawakuwa na cha kulipa. Kwa hiyo kijiji kilizingirwa, risasi zikalia, na watu ambao hawakuwa wamezoea mlio wa bunduki wakakimbia ovyo. Wengi wakakamatwa, na Mubarak akiwa mmoja wao. Hakumwona baba yake tena.

Tukumbuke jambo hilo vizuri. Mtoto huyo aliingia utumwani kwa sababu ya deni ambalo yeye hakulikopa, la nguo ambazo yeye hakuzivaa. Alifungwa pamoja na wenzake, akatembezwa mpaka Kilwa, na kutoka Kilwa akapelekwa Unguja sokoni. Huko Mhindi mmoja alimnunua kwa kubadilishana na nguo. Hiyo ndiyo safari yake ya kwanza ya mbali kwa miguu, naye aliifanya akiwa yeye mwenyewe ni bidhaa.

Bwana wake alimchukua mpaka Bara Hindi, na huko akaishi miaka mingi. Alijifunza Kihindi, akakizungumza vizuri. Watu weusi waliokuwa katika nchi ile walikuwa wakiitwa Masidi, naye akaitwa Sidi. Na kwa ajili ya mji wa Bombay akapewa jina la Bombay. Jina alilopewa na wazazi wake huko Uyao halikuandikwa popote. Bwana wake alipokufa, Mubarak aliupata uhuru wake. Angaliweza kubaki huko kama walivyobaki wengi, lakini alirudi Unguja. Hapo akaingia katika jeshi la Sultani, akapelekwa kulinda katika ngome ya Chogwe, juu ya mto Pangani.

Hapo Chogwe ndipo maisha yake yalipogeuka. Mwanzoni mwa mwaka 1857 walifika Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, wakiwa njiani kwenda kuitazama milima ya Usambara. Burton alijua Kiarabu na lugha nyingine nyingi. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili, ila Kihindi alikijua kwa sababu alikuwa askari huko India. Katika ngome ile akamkuta Mwafrika asemaye Kihindi. Basi lugha aliyojifunza Mubarak katika utumwa ikawa ndiyo mlango wa kazi yake ya uhuru. Akaombwa aingie katika msafara, akakubali, na rafiki yake Mabruki akaingia pamoja naye.

Kabla hatujaendelea, yafaa tueleze msafara wa siku zile ulikuwaje, maana vijana wa leo husikia neno hilo wakafikiri ni matembezi ya starehe. Msafara ulikuwa ni kazi, na kazi hiyo ilikuwa na kanuni zake. Mbele alikwenda kirangozi, yaani mjuzi wa njia, akiwa na bendera, na mara nyingi amevaa nguo nyekundu ili aonekane kwa mbali. Nyuma yake walifuata wapagazi kwa mstari mmoja, maana njia ilikuwa nyembamba ya mguu mmoja mmoja. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, ndizo ratli 70, au kilo 32 hivi. Mzigo ulikuwa wa marikani na kaniki, au ushanga, au masango ya waya, kwa kuwa vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa fedha ya njiani. Juu ya mzigo huo mpagazi aliongeza vitu vyake mwenyewe: mkeka wake, chungu chake, silaha yake na chakula chake.

Safari ilianza alfajiri kabla jua halijawa kali. Watu walitembea hata karibu na adhuhuri, kisha wakatua. Kambi ikajengwa, boma la miiba likazungushwa, moto ukawashwa, na posho ikagawanywa kwa kibaba. Penye mtemi, hongo ililipwa, na pasipolipwa hongo hapakupitika. Pasipokuwa na maji, watu walitembea mchana na usiku. Mpagazi aliyeugua aliachwa katika kijiji, na mwenye bahati ndiye aliyepona akafika kwao.

Bingwa wa kazi hiyo alikuwa ni Mnyamwezi, pamoja na ndugu yake Msukuma. Watu hao walikuwa wakishuka pwani na misafara tangu kabla Mzungu hajaiona Tabora, na vijana wa kwao walihesabu safari ya pwani kuwa ni jambo la kumfanya kijana awe mtu mzima. Walijua bei ya kazi yao, na walijua kugoma. Kiongozi wa msafara aliyewadhulumu alijikuta asubuhi moja ana mizigo tu porini, bila mabega ya kuichukua. Kazi ya Bombay ilikuwa ni kusimama katikati ya watu hao na bwana aliyewaajiri: kuwaita, kuwahesabu, kuwagawia posho, kuwasemea, na kuwasemesha.

Msafara wa Burton na Speke uliondoka Unguja mwezi wa Juni 1857. Ukapita nyanda za pwani zenye homa, ukapanda milima ya Usagara na kuuvuka mlango wa Rubeho. Katika mipando ile Wazungu wote wawili walikuwa wagonjwa, na ilibidi washikwe mkono ili wapande. Tarehe 7 Novemba wakaingia Kaze, penye mji wa Tabora wa leo. Mwezi wa Februari 1858 wakafika Ujiji na kuliona Ziwa Tanganyika. Speke wakati huo alikuwa haoni vizuri kwa maradhi ya macho. Bombay ndiye aliyekuwa macho yake na ulimi wake.

Waliporudi Kaze, Burton alikuwa mgonjwa, naye akachagua kubaki. Waarabu waliokaa Kaze walikuwa wamekwisha kueleza kwamba upande wa kaskazini kuna ziwa jingine kubwa kuliko la Ujiji. Basi mwezi wa Julai 1858 Speke akaondoka na msafara mdogo wa wapagazi ishirini, askari Mabaluchi kumi, Mabruki, na Bombay. Huo ndio msafara uliopita katika nchi ya Shinyanga.

Ulikuwa mwezi wa kiangazi. Mtama ulikuwa umekwisha kuvunwa, na ng'ombe walikuwa wengi katika mbuga. Msafara ukapita katika nchi za watemi wengi wadogo wadogo, na mmoja kati yao alikuwa mwanamke aliyetawala watu wake kwa heshima. Ukapita Msalala na Salawe na katikati ya yale majabali, na kila kijiji watu walitoka kumtazama mgeni mweupe mwenye miwani. Kila swali lililoulizwa lilipitia kwa Bombay. Speke aliuliza kwa Kihindi, Bombay akaligeuza likawa Kiswahili, na mwingine akaligeuza likawa Kinyamwezi au Kisukuma. Jibu likarudi kwa njia ile ile. Hivyo kila neno lililoandikwa katika daftari la Speke juu ya nchi hiyo lilipita kwanza katika kinywa cha mtu huyu. Kama pana kosa, huenda lilipotea katika mafundo hayo ya lugha. Lakini kama pana ukweli, Bombay ana fungu lake katika ukweli huo.

Tarehe 3 Agosti 1858, baada ya mwendo wa siku ishirini na tano na zaidi ya maili 200, walipanda kilima karibu na Mwanza, na maji yakaenea mbele yao bila mwisho. Wenyeji waliliita Nyanza, na walikuwa wakivua samaki humo tangu enzi na enzi. Walipoulizwa upana wa ziwa, hawakuweza kuupima kwa maneno. Speke akalipa jina la malkia wa nchi yake, na moyoni akaamini kwamba hapo ndipo chanzo cha mto Nili. Baada ya siku chache tu wakageuka, na tarehe 25 Agosti walikuwa Kaze tena. Leo katika ramani, upande wa mashariki ya Mwanza, ipo ghuba inayoitwa kwa jina la Speke. Ghuba ya Bombay haipo.

Mwaka 1860 Speke alirudi, safari hii pamoja na mwenzake James Grant, akamtafuta Bombay kabla ya kitu kingine chochote. Waliondoka Unguja mwezi wa Septemba, na mwezi wa Januari 1861 walikuwa Kaze. Hapo mambo yakaharibika. Unyanyembe ilikuwa katika vita baina ya Mnywa Sele, mtemi aliyefukuzwa, na Waarabu pamoja na mtemi waliyemweka wao. Njaa iliingia, wapagazi wakakataa kwenda, na hakuna mtu mwenye akili aliyetaka kupeleka bega lake kati ya bunduki.

Msafara ukajikokota kuelekea kaskazini magharibi, mpaka Uzinza. Sehemu kubwa ya nchi hiyo sasa imo katika Mkoa wa Geita. Hapo walikwama kwa miezi. Mtemi mmoja alitaka hongo, na mwenzake akataka zaidi. Mtemi Lumeresi alidai kitambaa cha hariri kiitwacho deole, na asingekubali msafara upite bila hicho. Speke aliugua kifua hata akadhaniwa atakufa. Wapagazi walisikia habari za Watuta waliokuwa wakivamia nchi, wakaogopa kwenda mbele. Mwezi wa Septemba 1861 msafara wa Grant uliokuwa nyuma ulishambuliwa na watu wa mtemi Myonga, mizigo ikatawanywa porini.

Katika dhiki hiyo ndipo tunapoiona kazi ya Bombay. Alirudishwa Kaze, safari ya majuma kwenda na kurudi, kutafuta wapagazi na wakalimani. Alikaa mbele ya watemi siku nzima akijadiliana vipande vya nguo. Alikuwa na ugomvi na Baraka, msimamizi mwenzake aliyeona wivu kwa cheo chake, na ugomvi huo aliuchukua pamoja na mizigo mingine. Mwezi wa Oktoba msafara ukaachiliwa, na mwezi wa Novemba 1861 wakaingia Karagwe kwa Mkama Rumanyika, ambako hatimaye walipumzika.

Kutoka hapo walikwenda Buganda kwa Kabaka Mutesa, na mwezi wa Julai 1862 Speke akauona mto ukitoka ziwani. Walipofika Bunyoro kwa Kamurasi wakazuiwa tena, na Bombay akatumwa mbele kwenda kaskazini kutafuta kambi ya watu waliotazamiwa kutoka upande wa Misri. Alikwenda katika nchi asiyoijua, kati ya watu asioijua lugha yao, akarudi salama na habari. Mwezi wa Februari 1863 walifika Gondokoro, wakashuka na mto Nili hata Kairo. Huko Bombay na wenzake waliobaki waaminifu walipigwa picha na kutukuzwa, kisha wakarudishwa Unguja kwa njia ya bahari. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa Bombay nishani ya fedha.

Lakini hatutaki kuifanya habari hii kuwa ya asali tupu. Katika safari hiyo hiyo Speke alimpiga Bombay ngumi mbele ya watu wake kwa sababu ya amri moja tu ya kung'oa hema. Mtu aliyekuwa mkuu wa msafara, ambaye bila yeye msafara usingesogea hatua moja, alipigwa kama mtoto mbele ya wale ambao kesho yake ilimpasa kuwaamuru. Wenzetu waliowahi kuwa wanyapara watafahamu uzito wa jambo hilo. Ni vigumu kuongoza watu ambao wamekuona ukifedheheshwa. Bombay aliendelea kuwaongoza.

Speke alikufa mwaka 1864, Waingereza wakiwa bado wanabishana kama kweli chanzo cha Nili ni ziwa lile au sivyo. Mabwana wakubwa waliandika makala na vitabu, wakatukanana. Mtu aliyekuwapo pale Mwanza mwaka 1858, na pale Buganda mwaka 1862, alikuwa Unguja, nchi ya mbali na mabishano hayo. Hapana aliyemwita atoe ushahidi.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alifika Unguja akitaka kwenda kumtafuta Daktari Livingstone. Yeye naye akamtafuta Bombay, akamwajiri awe mkuu wa askari wa msafara kwa dola 80 kwa mwaka, nusu ikilipwa mbele, pamoja na bunduki. Wenzake wa safari ya Speke waliajiriwa kwa dola 40. Huo ndio ukawa mshahara wa mtu aliyeijua njia kuliko wote. Wakafika Tabora mwezi wa Juni, wakajikuta katika vita vya Waarabu na Mtemi Mirambo. Njia ya kawaida ya Ujiji ikafungwa, ikabidi wazunguke upande wa kusini.

Katika mzunguko huo, karibu na mto Gombe, watu walichoka, wakataka kupumzika, na nusura wageuze silaha. Stanley alizima fujo hiyo kwa mabavu. Kisha akampiga Bombay, akamtia minyororo mpaka aombe msamaha. Hebu tulifikiri jambo hilo. Mtu aliyefungwa minyororo akiwa na miaka kumi na miwili, akaupata uhuru wake, akaitumia miguu yake na akili yake kwa miaka kumi na minne katika kazi ya kuwaongoza wageni, akatiwa minyororo tena na mwajiri wake, akiwa na umri wa miaka hamsini. Mwezi wa Novemba 1871 msafara ukaingia Ujiji, Livingstone akaonekana, na Stanley akapata sifa duniani kote. Sifa hiyo haikugawanywa kwa vibaba.

Bombay alikuwa na makosa yake pia, na mwandishi wa haki hana budi kuyataja. Alipenda pombe, na siku nyingine pombe ilimshinda. Alikuwa mwepesi wa kugombana na mzito wa kuwaadhibu wenzake. Katika safari yake ya mwisho bwana wake alimwona kuwa amezeeka na kulegea. Lakini tuulize: ni nani kati yetu angebeba dhamana ya mamia ya watu, bila barabara, bila dawa, akiamriwa na mtu mgonjwa asiyejua lugha ya wanaomzunguka, kisha makosa yake yote yaandikwe na mwajiri wake? Yeye mwenyewe hakuandika kitabu. Tunamjua kwa kalamu za wale waliomwajiri, na hata kalamu hizo, pamoja na kulalamika kwake kote, hazikuweza kukanusha kwamba alikuwa mwaminifu, na kwamba mali iliyowekwa mikononi mwake ilifika.

Safari hiyo ya mwisho ilikuwa kubwa kuliko zote. Mwezi wa Machi 1873 aliondoka Bagamoyo pamoja na Verney Lovett Cameron. Walikuwa Unyanyembe mwezi wa Oktoba wakati Chuma na Susi na wenzao walipofika na maiti ya Livingstone, waliyoibeba kutoka nchi ya mbali kusini wakiipeleka pwani. Wazungu wenzake Cameron mmoja baada ya mwingine wakafa au wakarudi. Cameron na Bombay wakaendelea: Ziwa Tanganyika mwaka 1874, kisha Nyangwe juu ya mto Kongo, kisha nchi za Waluba na Walunda. Mwezi wa Novemba 1875 wakaiona bahari ya magharibi, pwani ya Angola. Bombay akarudishwa Unguja kwa meli, kwa kuizunguka ncha ya kusini ya Afrika.

Tuhesabu basi. Mtu huyu aliliona Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyanza katika mwaka mmoja. Alikwenda kutoka Bahari ya Hindi hata Kairo kwa kulifuata ziwa na mto. Alilivuka bara zima toka bahari hata bahari. Jumla ya mwendo wake inakadiriwa kuwa maili 6,000 hivi, na sehemu kubwa ilikuwa kwa miguu. Mwaka 1876 Chama kile cha London kilimpa malipo ya uzeeni ya pauni 15 kwa mwaka. Alikaa Unguja akiwa mzee mwenye simulizi nyingi, mpaka alipofariki mwezi wa Oktoba 1885, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano hivi. Mwaka huo huo Wadachi walikuwa wamekwisha kuanza kudai nchi ambazo yeye alizikanyaga.

Sasa, ndugu msomaji, turudi Shinyanga na Geita. Katika mwaka 1858 na mwaka 1861 msafara ule ulitembea katika nchi yenye almasi na dhahabu. Hapana aliyejua. Dhahabu ya Geita ilianza kutafutwa na Wadachi katika miaka ya 1890, na uchimbaji mkubwa ukaanza katika miaka ya 1930. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Wapagazi wa Bombay walipita katika nchi hiyo wamebeba ratli 70 za marikani ya watu wengine, wakahesabiwa vibaba vya mtama jioni. Utajiri ulikuwa chini ya nyayo, na umaskini ulikuwa juu ya mabega.

Hatusemi hayo ili kulia tu. Twasema kwa sababu lipo somo ndani yake kwa kila mtu anayefanya kazi. Kazi ya Bombay haikufa pamoja naye. Leo wageni huja kutoka kila upande wa dunia kupanda mlima Kilimanjaro kwa siku tano, sita au saba. Mbele yao huenda mwenye kuijua njia, na pamoja nao huenda wapagazi wenye mahema, vyakula na vyungu. Ni msafara ule ule. Lakini kanuni za Hifadhi ya Kilimanjaro zimeweka kilo 20 kuwa mwisho wa mzigo wa mpagazi, na mizigo hupimwa kwa mizani langoni. Kati ya kilo 32 za siku zile na kilo 20 za sasa kuna umbali mkubwa, na umbali huo haukupatikana kwa huruma. Watu walidai, wakakaa pamoja, wakasema bega la mtu lina mpaka. Na palipo na mizani, bado panatakiwa mtu wa kusimama karibu nayo kuona kwamba haidanganyi, na ya kwamba mshahara unafika mkononi kama ulivyoandikwa.

Ndivyo ilivyo pia katika mashimo ya dhahabu ya Geita, na katika kila kazi ambayo mmoja hubeba na mwingine hutia sahihi. Hesabu ya haki huuliza ni nani aliyefika kileleni, na pia ni nani aliyemfikisha, kwa ujira gani, na kama jina lake liliandikwa.

Tungependa mambo machache yafanyike, na hayana gharama kubwa. Walimu wa Shinyanga, Geita na Mwanza, wanapofundisha watoto habari za kufika kwa Speke ziwani, wataje katika sentensi ile ile jina la Sidi Mubarak Bombay, na kazi ya wale wapagazi ishirini. Wazee wa Usukuma na Unyamwezi ambao babu zao walikwenda pwani na misafara waulizwe habari zao, zikaandikwa wakiwa hai. Na wale wanaowaongoza wageni katika milima yetu wajue kwamba wao ni warithi wa ufundi wa kale wenye heshima yake, si vibarua waliookotwa njiani.

Yule mtoto wa Uyao alichukuliwa kwao kwa deni la nguo ambazo hakuzivaa. Deni hilo alililipa mara nyingi kupita kiasi. Linalobaki sasa ni deni letu sisi kwake, nalo si kubwa: ni kumtaja.